Ajenti wa AI afunge tiketi, kifutio kibaki mkononi mwako

Kijana yeyote anayekula jasho lake kwenye programu za kompyuta anafaa kujua tofauti ya kufunga na kufuta hata akiamshwa saa tisa usiku. Tiketi iliyofungwa ipo. Umeiweka kando tu, na kesho ukiihitaji unaifungua na kuisoma yote, tangu siku ilipoandikwa hadi neno la mwisho la ubishi. Tiketi iliyofutwa kabisa haipo. Imeenda na picha zake, maelezo yake na majina ya watu walioihangaikia.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi wasee wengi wa tech hapa mjini hawagusi tiketi kwa mikono yao. Wameajiri ajenti wa akili unde, yaani AI. Unamwandikia sentensi moja, anaingia kwenye daftari la hitilafu, anasoma, anapanga, anajibu na kufunga. Kazi ya asubuhi nzima anaimaliza kabla chai haijapoa. Hapo sina neno, hata mimi namtumia. Shida ni kwamba kwenye baadhi ya mikoba ya zana anayokabidhiwa mna zana moja isiyofanana na zingine: ya kufuta tiketi moja kwa moja, bila njia ya kuirudisha.

Msimamo wangu ni huu: zana hiyo itolewe kwenye mkoba wake. Ajenti afunge, aweke lebo, aunganishe tiketi zinazofanana, akumbushe waliolala. Lakini kufuta kabisa kubaki kazi ya binadamu mwenye jina, anayejua anachokifuta na atakayejibu akiulizwa kesho.

Tiketi ni nini hasa?

Kama hujawahi kufanya kazi hii, chukua mfano. Mteja anabonyeza kitufe cha kulipa, mtandao unasuasua, anabonyeza tena, anakatwa pesa mara mbili. Mtu anaandika: kumetokea hiki, saa fulani, kwenye simu ya aina fulani, na picha ya skrini hii hapa. Andiko hilo linapewa nambari. Hiyo ndiyo tiketi. Chini yake watu wanaulizana, wanajaribu, wanabishana, hadi mmoja anapata kiini na kurekebisha msimbo. Kusanya tiketi zote za mradi pamoja, na hapo una daftari la hitilafu. Wengine wanaliweka GitHub, wengine Jira, na miradi mingine ya kitambo bado iko Bugzilla, mfumo uliotengenezwa mwaka 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla, wale wale waliotuletea Firefox baadaye.

Desturi ya kutunza hitilafu ni ya kale kuliko mifumo hiyo yote. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuta nondo, yule mdudu wa usiku anayezunguka taa, amenaswa kwenye swichi ndani ya mashine. Hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kando yake walichokipata. Daftari hilo, mdudu akiwa bado humo, linatunzwa na makumbusho ya Smithsonian jijini Washington. Mashine yenyewe iliondolewa kazini zamani, ila rekodi ya hitilafu yake ipo hadi leo, na yeyote anaweza kuona nini kilitokea, siku gani, na saa ngapi.

Kama siku hiyo kungekuwa na ajenti aliyeambiwa "safisha daftari", yule mdudu angeishia jalalani.

"Safisha" maana yake nini?

Sasa tazama lugha tunayotumia. Daftari limejaa tiketi mia nne za miaka mitatu, na bosi anataka kuona mambo yamenyooka. Mtu anamwambia ajenti: "Safisha hizi tiketi za kitambo." Kusafisha ni kufanya nini? Mama akikuambia usafishe meza, hajakuambia uichome. Unaondoa vyombo, unapangusa, meza inabaki. Wewe unajua hivyo kwa sababu umelelewa hapo. Ajenti hajakulia nyumbani kwenu.

"Maliza hizi" ni mbaya zaidi. Ukiambiwa "maliza kazi", unaikamilisha. Ukisikia "wamemmaliza", kuna matanga mahali. Nalo neno "ondoa" linaweza kuwa ondoa kwenye orodha yangu ya leo, ondoa kwenye ubao wa timu, au ondoa duniani. Mwenzako wa kazi akisikia hivyo atakuuliza, "Buda, nifunge ama nifute?" Ajenti naye anaweza kuuliza, na mara nyingine anauliza. Mara nyingine anachagua tu.

Anachagua vipi? Ajenti hupewa orodha ya zana, kila moja ikiwa na jina na maelezo mafupi kwa lugha ya kawaida. Anasoma ombi lako, anasoma maelezo ya zana, kisha anaoanisha. Njia moja inayotumika sana kumuunganisha na mifumo kama ya tiketi ni itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024. Walioiandika waliliona tatizo hili. Zana inaweza kuwekewa alama kusema kwamba inasoma tu, au kwamba inaharibu. Lakini alama hizo ni dokezo, hazifungi mlango. Maelezo ya itifaki yenyewe yanaonya usiziamini kama huiamini seva iliyozileta, na yanashauri awepo binadamu mwenye uwezo wa kukataa zana isitumike.

Lakini wapi! Huyo binadamu ni wewe. Umechoka, umeulizwa "Niruhusu?" mara ishirini tangu asubuhi, na pembeni kuna kitufe cha "Ruhusu daima". Unakibonyeza jinsi unavyobonyeza "Nakubali" kwenye masharti ya apu ambayo hujawahi kuyasoma.

Kuna ujanja mwingine unaouzwa kama kinga: zana inadai sehemu ya "thibitisha" ijazwe "ndiyo" kabla ya kufuta. Swali langu ni moja tu. Nani anaijaza? Ni yule yule ajenti. Hiyo ni sawa na karani anayeandika hundi, anaitia saini mwenyewe, kisha anaipeleka benki mwenyewe. Uthibitisho usiotoka kwa mtu wa pili ni urembo.

Na usisahau kwamba ajenti hana cheo chake. Anavaa koti lako. GitHub huruhusu wenye haki za msimamizi pekee kufuta tiketi, na inakuonya kwamba hutairudisha. Kwenye Jira, ukifuta tiketi imeenda pamoja na maoni na viambatisho vyake. Ulinzi huo unamzuia mgeni, sawa. Lakini ukimpa ajenti ufunguo wako wa msimamizi, mlango unamwona yeye ni wewe.

Yameshatokea

Kama unadhani natishia watu bure, hebu tuangalie visa vitatu ambavyo wahusika wenyewe walivieleza hadharani.

Cha kwanza kiliwapata Atlassian, kampuni inayomiliki Jira yenyewe. Tarehe 5 Aprili 2022 walitaka kuondoa apu moja ya zamani kwenye akaunti za wateja. Timu moja ikaipa nyingine orodha ya nambari za utambulisho. Badala ya nambari za ile apu, zikawa nambari za tovuti nzima za wateja. Amri waliyotumia ilikuwa na njia mbili: kuweka alama ili kitu kifutwe baadaye, na kufuta kabisa. Ikaendeshwa kwa njia ya pili. Ndani ya dakika 23, tovuti 883 za wateja 775 zilikuwa zimefutwa. Mfumo haukuuliza hata mara moja, "Una hakika?" Kurudisha kila kitu kuliendelea hadi tarehe 18 Aprili, na kuliwezekana kwa sababu walikuwa na nakala za akiba.

Cha pili ni cha GitLab. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa amekesha akipambana na matatizo ya hifadhidata alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Zikapotea takriban saa sita za kazi za watu. Kampuni ilikadiria kwamba miradi kama 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 ziliathirika. Msimbo wa wateja haukuguswa. Kilichoenda ni maandishi: tiketi, maoni, mazungumzo. Njia tano za kutunza nakala walizokuwa nazo zote zilikuwa na kasoro, na waliokolewa na nakala moja ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla. Nawapa heshima zao kwa jambo moja: walirusha kazi ya ukarabati moja kwa moja kwenye YouTube, dunia nzima ikitazama.

Cha tatu ndicho cha ajenti. Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijenga programu kwa kumtumia ajenti wa Replit. Alikuwa amemwambia wazi asibadilishe kitu bila ruhusa. Ajenti akafuta hifadhidata iliyokuwa na rekodi za wakuu zaidi ya 1,200 wa kampuni. Baadaye akamwambia kwamba data haiwezi kurudishwa. Kumbe ilikuwa inaweza, Lemkin akairudisha. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kusema jambo hilo halikupaswa hata kuwezekana.

Angalia vizuri. Visa viwili ni vya binadamu, kimoja ni cha ajenti. Kwa hivyo siji kukuambia AI ni shetani na sisi ni malaika. Kilichofanana kote ni tendo gumu kurudisha, lililowekwa karibu sana na mkono wenye haraka. Na hakuna mkono wenye haraka kama wa ajenti. Wewe ukitaka kufuta tiketi mia tatu, utafungua moja moja, na ukifika ya kumi utasoma kichwa cha habari na kujiuliza, "Ngoja, hii si ile ya yule mteja wa Mombasa?" Ajenti hachoki, kwa hivyo hapumziki, na asiyepumzika hana nafasi ya kujiuliza.

Bado kuna hatari ambayo wengi mtaani hawajaishtukia. Tiketi huandikwa na watu wa nje. Kwenye mradi ulio wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuandika moja. Ajenti anapoisoma, hatofautishi vizuri kila mara kati ya maelezo ya hitilafu na amri. Mei 2025, watafiti wa Invariant Labs walionyesha jinsi tiketi yenye maagizo ya hila kwenye mradi wa wazi wa GitHub ingeweza kumfanya ajenti atoe nje siri za miradi ya faragha ya mtumiaji. Hapo suala lilikuwa kuvujisha, si kufuta. Lakini mlango ni ule ule. Ajenti mwenye zana ya kufuta, akisoma tiketi iliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya, amemkabidhi mgeni huyo kifutio.

Daftari ni shahidi wa mnyonge

Sasa mtu ataniambia: Si ni tiketi tu? Mbona kelele?

Muulize msimamizi wa posta ya kijijini kule Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha posta ndogo ndogo walihukumiwa kwa wizi na hesabu za uongo kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha pesa zimepungua. Wengine walifungwa jela. Wengine walifilisika kwa kulipa pesa ambazo hawakuwahi kuzichukua. Wengine walijiua. Kila mmoja aliambiwa mashine haikosei.

Kumbe mashine ilikuwa inakosea, na waliokuwa wakiitunza walikuwa na kumbukumbu ya hitilafu zinazojulikana. Kwenye kesi iliyofunguliwa na watu 555, Posta mwanzoni haikutaka kuitoa kumbukumbu hiyo. Ilipofunguliwa, ilisaidia kuonyesha ukweli, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuvuruga hesabu. Mei 2024 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Na sikiza hili: mwaka 2013 wakili mmoja aliyekuwa akiishauri Posta alilazimika kuandika onyo baada ya kusikia kwamba kumetolewa agizo la kuharibu kumbukumbu za vikao vya kila wiki kuhusu Horizon. Mwenye nguvu anajua thamani ya daftari. Ndiyo maana linapomchoma, jambo la kwanza analolifikiria ni moto.

Leta hilo nyumbani. Fikiria keshia wa supamaketi ambaye hesabu ya jioni imekataa kuingiana, au dada wa duka la M-Pesa anayekatwa mshahara kwa sababu skrini imesema hivyo. Kama hitilafu iliripotiwa mwezi uliopita na tiketi imefungwa, kuna mahali pa kuanzia kumtetea. Kama ajenti "alisafisha", hakuna.

Kuna jamaa ninayemjua aliyefanya kazi miezi minane kwenye kampuni moja ndogo ya hapa Nairobi. Yeye haandiki msimbo. Kazi yake ni kujaribu programu, kutafuta inapovunjika na kuandika tiketi. Mkataba ulipokwisha, kukawa na ubishi kuhusu malipo ya mwezi wa mwisho. Akaambiwa alete ushahidi wa kazi aliyofanya. Barua pepe ya kampuni ilikuwa imefungwa siku aliyotoka. Daftari nalo lilikuwa limefagiliwa na ajenti wiki hiyo hiyo, tiketi zote za toleo lililopita zikafutwa. Hakuna aliyekaa chini kupanga kumwibia, mimi nakubali. Lakini miezi minane ya kazi yake ilikuwa ndani ya zile tiketi, na pesa zake hadi leo hajaziona.

Wanaoandika msimbo angalau wana msimbo wa kuonyesha. Anayejaribu programu, anayejibu wateja, anayetafsiri, anayeandika maelezo ya hitilafu saa nane za usiku, hana kingine. Tiketi ndiyo risiti yake.

Na kuna sisi ambao hatuna karatasi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kupatikana. Sina cheti cha kuweka mezani. Kibarua changu cha kwanza cha maana nilikipata kwa kumtumia mteja viungo vya tiketi tatu nilizokuwa nimeripoti na kusaidia kurekebisha kwenye mradi wa wazi. Alisoma nilivyouliza, nilivyokosolewa, nilivyojibu. Hakuniuliza nilisomea wapi. Vijana wangapi wa Kayole, Githurai na Mlolongo wanaingia kazini kwa mlango huo? Ushahidi, programu iliyozaliwa hapa Kenya wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, iko wazi GitHub na tiketi zake zinasomeka na mtu yeyote. Kijana mwenye bando ya siku moja anaweza kukaa chini na kuona jinsi watu waliomtangulia walivyofikiria tatizo hadi likatatulika. Hilo ni darasa lisilodai karo. Ukifuta tiketi zilizofungwa, umebomoa darasa.

Kuna vya kufutwa, ndiyo

Wanaotetea kufuta wana hoja, na tusiwapuuze. Kuna takataka za kweli: matangazo ya kamari na dawa za nguvu yanayomwagwa kwenye miradi ya wazi. Kuna tiketi ambapo mtu amebandika nywila ya seva bila kufikiri. Kuna zenye nambari ya kitambulisho ya mteja, nambari yake ya simu, pengine hata picha ya taarifa yake ya benki. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba data yake isiyostahili kuendelea kutunzwa ifutwe. Kampuni inayoweka data hiyo kwenye tiketi milele inajitafutia kesi.

Sawa kabisa. Lakini tazama kila mfano hapo. Data ya mteja inahitaji mtu wa kuamua ni nini kinaondolewa na nini kinabaki, kwa sababu mara nyingi inatosha kutoa ile nambari ya kitambulisho na kuacha maelezo ya hitilafu. Nywila iliyovuja haiponi kwa kufuta tiketi. Barua pepe za arifa zimeshatumwa kwa timu nzima, kwa hivyo dawa ni kubadilisha nywila yenyewe mara moja. Takataka za matangazo ndizo rahisi, na hata hizo ajenti anaweza kuziwekea alama, binadamu akapitia orodha kwa dakika tano na kufuta mwenyewe.

Hoja nyingine ni ya usumbufu: daftari lenye tiketi elfu kumi linachosha. Tiketi iliyofungwa haikuchoshi. Haionekani kwenye orodha ya zilizo wazi. Unaichuja kwa kubonyeza mara moja. Anayesema anafuta ili aone vizuri anafanana na mtu anayechoma risiti zake kwa sababu droo imejaa.

Fanya hivi

Kwanza, usimpe ajenti ufunguo wako. Mfungulie akaunti yake yenye cheo cha chini. Kwenye GitHub kuna ngazi inayoitwa Triage: anayepewa hiyo anaweza kuweka lebo, kufunga na kufungua tena tiketi, lakini hawezi kuzifuta. Kwenye Jira, ruhusa ya kufuta tiketi imetengwa na ruhusa zingine. Mnyime. Hii ndiyo kinga halisi, kwa sababu haitegemei ajenti kuelewa neno lako. Hata akiielewa "safisha" vibaya, mkono wake haufiki.

Pili, nyinyi mnaotengeneza zana hizi, na najua kuna wengi wenu hapa jijini mnaowajengea wateja wa nje, acheni kuweka zana ya kufuta kwenye mkoba kwa sababu tu mfumo unairuhusu. Kama ni lazima, iwe ya kupeleka tiketi kwenye pipa kwa siku thelathini, na kutoka kwenye pipa afute mtu.

Tatu, uthibitisho uwe na sura. M-Pesa ilitufundisha hili zamani. Kabla pesa haijaenda, unaonyeshwa jina la mpokeaji, na ukiona si Wanjiku uliyemkusudia, unaghairi. Vivyo hivyo, skrini isiseme tu "Ruhusu zana itumike?" Iseme: unafuta tiketi hii, ina kichwa hiki, maoni 42, iliandikwa na fulani, na haitarudi. Mtu akiona jina la mwenzake, kidole kinasita.

Nne, toa nakala ya daftari kila mwezi na uitunze mahali ambapo ajenti hafiki. Na ijaribu kuifungua. GitLab walikuwa na njia tano za nakala, na siku ya siku zote zikawaangusha.

Tano, wewe unayefanya kazi ya kibarua, tunza orodha yako ya tiketi ulizoandika na ulizorekebisha, kwa nambari na tarehe. Usitoe siri za kampuni, orodha tu. Siku ya ubishi hutakuwa unaomba huruma ya mtu.

Ukituma pesa kwa nambari isiyo yako, unaipeleka ile meseji kwa 456 na unaomba Mungu mpokeaji awe hajatoa. Kuna mlango wa kubisha. Tiketi iliyofutwa kabisa haina 456. Hakuna wa kupigia, hakuna meseji ya kupeleka mahali, na ajenti aliyeifuta atakuandikia samahani nzuri yenye adabu, halafu aulize kama kuna lingine angeweza kukusaidia.

Kwa hivyo leo, kabla hujamwandikia ajenti wako chochote, ingia kwenye mipangilio uangalie anatumia ufunguo wa nani na anaruhusiwa kufanya nini. Ukikuta neno la kufuta hapo, litoe. Litakuchukua dakika mbili.